Kibano cha Mwanga na Kijidudu cha Malaria



Akina mama wa kikundi kimoja upande wa Bomet walituuliza: ati ni kweli wataalamu wanashika malaria kwa tochi? Kuna ukweli ndani yake, ila si tochi, na si tiba.

Mwanga una nguvu ya kusukuma. Ni ndogo mno, ndiyo maana jua la saa sita haliwaangushi wachumaji wa chai. Lakini kwa kitu kidogo kama bakteria, nguvu hiyo inatosha. Mmarekani Arthur Ashkin aliukusanya mwanga wa leza kwa lenzi mpaka ukawa nukta. Ushanga mdogo sana, unaopitisha mwanga, ukifika pale hunaswa. Ukijaribu kuteleza kando, unaupindisha mwanga, na mwanga nao unausukuma kurudi katikati. Hicho ndicho kibano cha mwanga, cha mwaka 1986. Mwaka uliofuata alinasa bakteria wakiwa hai. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 2018, akiwa mzee wa miaka 96!

Molekuli moja peke yake ni ndogo hata kwa kibano hicho, basi huibandika kwenye ushanga, uwe kama mpini wa jembe. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliipima hivyo protini inayobeba mizigo ndani ya chembe za mwili. Inatembea hatua kwa hatua. Gawa milimita moja mara 125,000, upate hatua yake moja. Sisi tulirudia hesabu hiyo mara mbili.

Sasa malaria. Kijidudu kikitoka katika chembe moja nyekundu ya damu, kina dakika chache tu za kuingia nyingine. Huko Cambridge, Uingereza, mwaka 2014 watafiti walikivuta kwa kibano cha mwanga kuona kimejishikiza kwa nguvu gani. Mwaka 2020 wataalamu wa Cambridge na wa Kilifi walichunguza damu ya watoto wa Kilifi wenye aina iitwayo Dantu. Ngozi ya chembe zao imekazwa zaidi, kama ya ngoma, na kijidudu hushindwa kupenya. Mtoto aliyeirithi Dantu kwa baba na kwa mama hupungukiwa na hatari ya malaria kali kwa asilimia 74.

Huku kwetu tusijidanganye na habari za Pwani. Watu wa nyanda za juu hawana kinga kubwa ya malaria, na wengi mnakumbuka miaka ya 1990, ilivyolaza watu katika mashamba ya chai ya Kericho baada ya mvua ndefu. Mtu akija sokoni na taa ya kuua malaria, msimpe hata shilingi. Kibano hiki hufanya kazi chini ya darubini tu. Mtoto akipata homa, apimwe damu siku hiyohiyo.