Vumbi la Mawe na Sababu ya Kumpima Mfanyakazi Mzima

Kijana anayepata kazi mgodini au mahali pa kusagia kokoto hutakiwa kwanza kupimwa na daktari. Wengi huliona jambo hilo kuwa ni usumbufu. Mtu hana maumivu, anapanda kilima bila kuhema, apimwe nini? Jibu limo katika tabia ya magonjwa yatokanayo na kazi, na mfano ulio wazi ni ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi.

Miamba mingi ina silika, ambayo pia ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida. Mwamba utobolewapo kwa mashine pasipo maji hutoa vumbi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, zikatoka pamoja na kamasi na makohozi. Zenye hatari ni zile zisizoonekana kwa macho, zisizozidi sehemu 5 za elfu moja za milimita, kwani hizo hufika hadi katika vifuko vya hewa. Huko seli za ulinzi huzimeza kama zimezavyo vijidudu, lakini haziwezi kuziyeyusha. Seli hufa, chembe hutoka, nazo humezwa na seli nyingine. Kila mara hiyo hutolewa kemikali zinazochochea uvimbe, na mwishowe hujengeka kovu gumu lisilopitisha hewa. Kwa kawaida hupita miaka 10 au zaidi kabla mgonjwa hajaanza kuhema. Hakuna dawa ya kuliondoa kovu hilo, na mwenye nalo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine.

Pamoja na picha ya eksirei, daktari humtaka mfanyakazi apulize kwa nguvu katika chombo kiitwacho spirometa. Hupimwa hewa itokayo katika sekunde ya kwanza. Tuseme mchimbaji alipoanza kazi alitoa lita 4.8, na baada ya miaka 10 akatoa lita 3.6. Jedwali la watu wa umri na kimo chake linasema lita 3.7. Daktari anayemwona kwa mara ya kwanza atasema mtu huyu ni mzima, wala hatakuwa amekosea kusoma jedwali. Lakini umri peke yake hupunguza mililita 30 hivi kwa mwaka, yaani lita 0.3 kwa miaka 10. Alitazamiwa kuwa na lita 4.5. Lita 0.9 zimepotea, na hasara hiyo haionekani isipokuwa kipimo cha siku ya kwanza kimehifadhiwa.

Ni kweli kwamba kupima hakupunguzi vumbi. Kazi hiyo hufanywa na maji wakati wa kutoboa na hewa safi inayosukumwa shimoni.

Nchini Tanzania, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inadai uchunguzi kabla ya kupangiwa kazi na tena kila baada ya muda. Kenya ilitunga kanuni zake mwaka 2005, nazo zinamtaka mwajiri alipe gharama na kuongeza uchunguzi wa mtu anapoacha kazi. Hata hivyo wafanyakazi wengi huogopa kwamba matokeo yatawafukuzisha kazi, na hofu hiyo si ya kipuuzi. Ndiyo maana taratibu za kimataifa zinataka mwajiri aelezwe tu kama mtu anaifaa kazi fulani au haifai. Jina la ugonjwa ni siri ya daktari na mgonjwa.

Uchunguzi wa kuacha kazi ndio unaosahauliwa zaidi, hasa katika machimbo madogo kama ya Mererani, ambako wanaapolo huhama kutoka shimo hadi shimo. Silikosisi yaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kurudi kwao kulima. Akifika mbele ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ataulizwa aliupata wapi ugonjwa huo. Bila picha na vipimo vya siku alipoingia shimoni na siku alipotoka, itakuwa vigumu kwake kujibu.