Kusafisha utumbo wa mtoto kabla ya upasuaji: yampasayo mzazi kujua

MZAZI anapoambiwa kwamba mwanawe atapasuliwa utumbo, au ataingizwa mrija wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa ili utumbo mpana uchunguzwe (kolonoskopi), kinachomtia hofu ni kisu na dawa ya usingizi. Wachache hufikiria siku moja au mbili zinazotangulia. Ilhali ni katika siku hizo ambapo mambo mengi huharibika. Kuna mtoto anayeishiwa na maji mwilini, na kuna yule anayefika hospitalini utumbo bado umejaa, akarudishwa nyumbani.

Kwa mkazi wa Garsen, Ngao au Hola, kurudishwa si jambo dogo. Kutoka Garsen hadi Malindi ni kilomita zipatazo 110, na kutoka Malindi hadi Mombasa ni nyingine kama 120. Mto Tana nao ukifurika, kama ilivyokuwa wakati wa mvua ya El Nino ya 1997 na tena Novemba 2023, barabara hukatika.

Si kila mtoto

Kwanza fahamu kwamba si kila mtoto anayetoa damu chooni anahitaji kamera. Katika sehemu zetu, mara nyingi chanzo ni kuhara damu kunakoletwa na maji au chakula kichafu. Choo hupimwa maabara kwanza, na wengi hupona kwa dawa.

Wanaopewa barua ya rufaa ni kama wale wenye kinyama ndani ya utumbo, ambacho huvuja damu bila maumivu, hasa kati ya umri wa miaka 2 na 10. Wengine ni waliozaliwa bila tundu la haja kubwa, na wenye ugonjwa wa Hirschsprung. Ugonjwa huu una jina la daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Sehemu ya mwisho ya utumbo hukosa neva za kuusukuma uchafu, mtoto akavimba tumbo na kufunga choo tangu kuzaliwa.

Kwa nini usafishwe?

Kamera haioni kupitia uchafu. Kinyama chenye ukubwa wa punje ya mchele kikifunikwa na kinyesi, daktari atakipita. Kwa upande wa upasuaji, madaktari wa zamani waliamini kwamba kila utumbo lazima uoshwe kabisa. Siku hizi imeonekana kwamba kwa upasuaji mwingi si lazima, na kwamba dawa ya kuua viini inayotolewa muda mfupi kabla ya kisu ndiyo muhimu zaidi. Kwa hivyo usishangae mtoto wa jirani yako akiambiwa afanye hivi na wako vingine.

Chakula

Siku mbili au tatu kabla ya kolonoskopi, mwondolee mtoto vyakula vyenye nyuzi na mbegu: maembe, mapera, mahindi, maharagwe na mboga za majani. Wali mweupe, samaki na mayai havina neno.

Siku moja kabla, kwa kawaida mtoto hunywa vitu vyepesi unavyoweza kuona upande wa pili wa gilasi: maji, glukosi, chai ya rangi yenye sukari, maji ya dafu, supu iliyochujwa. Uji na maziwa havimo, yawe ya ng'ombe au ya ngamia, hata kama kwenu maziwa hayahesabiwi kuwa chakula. Epuka pia vinywaji vyekundu, kwa maana ndani ya utumbo hufanana na damu.

Mtoto anyonyaye asiachishwe ziwa bila amri ya daktari. Kanuni ya kawaida kabla ya dawa ya usingizi ni hii: chakula na maziwa ya wanyama hukomeshwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji saa 1 au 2. Fuata saa ulizoandikiwa. Kumshindisha mtoto mchanga njaa usiku kucha kwa kudhani unasaidia kunaweza kumshusha sukari mwilini.

Dawa na bomba

Dawa inayotumiwa sana ni unga uitwao polietilini glaikoli, unaoyeyushwa katika maji mengi. Haunyonywi na mwili. Hushikilia maji ndani ya utumbo na kuuosha. Kipimo hutegemea uzito, kwa hivyo mtoto apimwe kilo zake siku ya kupewa dawa. Changanya kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, wala si ya kuteka mtoni.

Tafadhali usitie cha kwako. Haluli, sanamaki ya kuchemshwa nyumbani na mafuta ya mbarika havina kipimo cha mtoto wa kilo 10.

Kupiga bomba ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Maji matupu yakiingizwa utumboni hunyonywa na kuizimua chumvi ya damu. Ubongo huvimba, mtoto akapatwa na degedege na hata kufa. Ndiyo sababu hospitali hutumia maji ya chumvi yaliyopimwa. Bomba la dukani lenye fosfeti nalo halifai kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Sabuni na mitishamba huunguza utumbo.

Safari

Mtoto aliyekunywa dawa hii ataharisha mara nyingi. Usimpe kisha ukapanda basi. Safiri mapema, ulale karibu na hospitali, na dawa ianze ukiwa karibu na choo. Huna jamaa mjini? Mwambie daktari waziwazi, na umwombe mtoto alazwe siku moja kabla. Hilo ni ombi la haki, hasa kwa watoto wachanga. Mvua ikianza, piga simu kabla ya kuanza dawa.

Utajua kazi imekwisha choo kinapokuwa maji ya manjano yanayofanana na mkojo. Kama bado kuna vipande au rangi ya udongo, waarifu wauguzi. Usifiche kwa kuogopa kurudishwa.

Dalili za hatari

Acha dawa na umpeleke mtoto hospitali iliyo karibu ukiona haya: kutapika mfululizo, hasa matapishi ya kijani, tumbo kuvimba na kuwa gumu, homa, kulegea au kusinzia kupita kiasi, macho au utosi kubonyea, kulia bila machozi, au kutokojoa kwa saa 6. Mtoto mwenye dalili za utumbo kuziba kamwe asipewe dawa ya kuharisha.

Mwisho, usitoke kwa daktari bila karatasi yenye mambo manne: kilo za mtoto, kipimo cha dawa, saa ya kuacha kila kinywaji, na nambari ya simu ya wodi. Kama huisomi lugha iliyoandikwa, omba usomewe na uelezwe kwa Kiswahili, nawe uyarudie mbele ya muuguzi kabla hujaondoka.