Sakafu ya wa Juu ni Dari ya wa Chini

Hatuna budi kuwapongeza wananchi wa Unguja na Pemba kwa kuyapa mazoezi ya viungo heshima inayostahili. Tarehe 1 Januari ya kila mwaka ni siku ya mazoezi hapa Zanzibar, na vikundi vya wake kwa waume hujitokeza barabarani tangu alfajiri. Wapo pia waliochagua kufanya mazoezi majumbani mwao, ambako wameweka vyuma vya kunyanyua na mashine za kukimbilia. Hilo nalo ni jema, lakini lina masharti yake.

Linalotutia wasiwasi ni kupandishwa kwa vyuma hivyo katika ghorofa za nyumba za Mji Mkongwe. Sakafu nyingi za nyumba hizo zimelala juu ya boriti za mikoko, zikajazwa mawe na chokaa. Nyingine ni za mbao ngumu zilizopigiliwa juu ya mihimili ya miti. Mafundi wa zamani walizijenga zibebe watu, vitanda na makabati. Hawakuzijengea chuma kinachobwagwa.

Na kubwaga si sawa na kuweka. Chuma cha kilo 50 kikianguka kutoka urefu wa mita 1, kikasimama ndani ya sentimita 1 tu, huipiga sakafu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 5,000 na zaidi. Kikiangukia tandiko linalobonyea sentimita 5, nguvu hiyo hushuka hadi kiasi cha kilo 1,050. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ubao utapona au utapasuka, na kama chokaa itabaki juu au itamwagika juu ya watoto waliolala chini.

Tandiko lenyewe nalo lataka akili. Mpira ukilazwa moja kwa moja juu ya mbao iliyopakwa vanishi huacha madoa yasiyofutika. Jasho na unyevu wa masika hunaswa chini yake, mbao zikavimba na kupinda, na mchwa wakapata maskani. Basi na itangulizwe plaiwudi nene, ndipo mpira uwekwe juu yake. Na vyote viinuliwe mara kwa mara ili sakafu ifagiliwe, ikauke na ikaguliwe. Mashine nzito isogezwe karibu na ukuta, mahali boriti zinapoegemea, na miguu yake ikanyage ubao mpana unaokatiza boriti kadhaa. Vyuma viteremshwe kwa mikono, visibwagwe. Na anayetaka kunyanyua vizito hasa, mahali pake ni chumba cha chini.

Kwa upande wa Serikali, tunaomba mambo mawili. Kwanza, wanaosimamia nyumba za umma na za wakfu waweke katika mikataba ya upangaji sharti la sakafu kukaguliwa na fundi kabla ya vyuma kupandishwa. Pili, Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, iandae maelekezo mafupi ya Kiswahili chepesi kuhusu uzito unaovumilika. Sheria bila ya maelekezo humkuta mwananchi amekwisha kukosa.

Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba vyuma vilihusika. Tunasema kwamba nyumba kongwe haina subira isiyo na mwisho.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayefanya mazoezi hutafuta maisha marefu. Na akumbuke kwamba jirani yake wa chini naye anayataka hayo hayo.