Kupasua Miti Migumu Mahali Pasipo na Njia

Wanachama wengi wana miembe, mifenesi na miti mingine mikubwa katikati ya mikarafuu yao. Mti kama huo ukiangushwa na upepo, au ukifa kwa uzee, mara nyingi huishia kuwa kuni, kwa sababu hapana njia ya kulitoa gogo zima shambani bila ya kuvunja mikarafuu iliyo hai. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze namna ya kupasua mbao papo hapo mti ulipolala, na tumechukua mfano wa bara, ambako shida ya njia ni kubwa kuliko yetu.

Isongole iko katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, mpakani mwa Tanzania na Malawi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Siku hizi barabara ya lami ya kama kilomita 50 yatoka Mpemba, karibu na Tunduma, hata kufika Isongole. Lakini nchi ile ni ya milima na mabonde, na barabara haiwezi kushuka kila bonde. Mti ulio nyuma ya kilima uko mbali na soko hata kama lori laonekana kwa macho.

Natufanye hesabu. Gogo lenye urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 60 ni karibu mita za ujazo 0.85. Mti mgumu ukiwa mbichi huweza kufika kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo, basi gogo hilo lina kilo 850 hivi. Nani atalibeba? Lakini ubao mmoja mnene uliotoka katika gogo lile lile, wenye upana wa sentimita 50 na unene wa sentimita 5, una kilo 75 tu. Watu wanne huuchukua mabegani wakapita nao katika njia ya miguu.

Wazee wa bara waliijua hesabu hii. Walichimba shimo, wakaliweka gogo juu yake, na watu wawili wakavuta msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwenziwe chini shimoni, macho yamejaa unga. Katika misitu ya miombo ya kusini magharibi mwa Tanzania mininga mingi ilipasuliwa hivyo. Sasa kuna msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, uliofungiwa fremu ya chuma. Mtu mmoja huweza kuichukua fremu hiyo begani. Nayo huushika msumeno ulale sawasawa na uso wa gogo, ili kila ubao utoke na unene mmoja tangu mwanzo hata mwisho.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza, gogo huinuliwa kidogo juu ya vipande viwili vya mti na kuzuiwa kwa kabari pande zote mbili lisibiringike. Pili, juu ya gogo hupigiliwa ngazi iliyonyooka au ubao mnyofu, kwa kuwa mgongo wa gogo haukunyooka na fremu yahitaji mahali pa kutelezea. Misumari isifike mahali mnyororo utakapopita. Tatu, hukatwa banzi la juu. Hapo ngazi huondolewa, na uso uliokatwa ndio huwa njia ya fremu kwa mbao zote zinazofuata. Nne, msumeno ukisha kwenda mbele kama nusu mita, kabari ndogo hutiwa nyuma yake ili ubao usilale na kuubana mnyororo.

Mnyororo wa kukatia miti haufai sana kwa kazi hii. Meno ya kukata gogo kwa kukingama hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Ya kupasua kwa urefu yataka pembe ndogo, karibu digrii 10. Mashine nayo iwe na nguvu. Kwa mti mgumu mpana, injini iliyo chini ya sentimita za ujazo 70 hupata moto na kuchakaa mapema. Mnyororo unolewe mara kwa mara. Ukiona unga laini kama wa ngano badala ya chembe, jua kwamba meno yamekwisha.

Jambo ambalo muuzaji wa mashine hapendi kulitaja ni hasara ya unga. Mnyororo hula karibu sentimita 1 kila unapopita. Ukipasua mbao za sentimita 2.5, basi katika kila sentimita 3.5 za gogo, moja imekuwa unga, yaani zaidi ya robo. Ukipasua mbao nene za sentimita 5, hasara hushuka hata sehemu moja katika sita. Kwa hiyo mashine hii yafaa kwa mbao nene za meza, vizingiti na milango. Mwenye kutaka mbao nyembamba nyingi heri atafute mashine yenye msumeno wa ukanda, ambao hula milimita 2 au 3 tu.

Ubao mbichi si mali bado. Pakeni rangi kwenye ncha zake siku ile ile, kwani maji hutoka upesi nchani na ubao hupasuka. Zipangeni mbao kivulini, zisiguse ardhi, na kila safu itengwe na vijiti vya unene mmoja, kimoja juu ya kingine. Mafundi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Basi ubao wa sentimita 5 wataka kama miaka miwili. Haraka haraka haina baraka.

Yatupasa tuseme pia juu ya hatari. Msumeno huu haumsamehi mtu. Mwenye kuutumia avae viatu vigumu, kinga ya macho, ya masikio na ya pua. Unga wa mninga, kwa mfano, huwasha pua na kifua. Asimame upande ambao upepo unaondoa moshi, na asifanye kazi peke yake mahali pa mbali. Mtu akikatwa mguu mwendo wa saa mbili kutoka barabarani, damu haitamngojea.

Mwisho ni sheria. Bara kuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Zanzibar tuna yetu ya mwaka 1996. Kabla ya kuwasha msumeno, mwanachama amwone sheha na afisa wa misitu apate kibali, hata kama mti ni wake. Kisha, kabla ya kukubali bei ya kuni, alipime gogo lake kwa kamba, ahesabu mbao zitakazotoka, na aulize seremala bei ya kila moja. Baada ya hapo ndipo aamue kuuza au kupasua.