Je, Wajua? Toka Mizani ya Kuruta hadi Blanketi la Gilgil

Je, wajua kwamba kilo 54.55, uzito wa chini ambao matangazo ya KDF, jeshi la Kenya, yamezoea kumdai kijana wa kiume, ni ratili 120 za Mwingereza zilizogawanywa kwa 2.2? Za msichana ni ratili 110, ndiyo maana zake zikaangukia kilo 50 kamili. Huku kwetu Kaloleni, Kisumu, tangazo likitoka tu, wembamba wetu huhamia kwenye ugali na ngege, na asubuhi ya usaili wengine hunywa maji mpaka tumbo lilie.

Je, wajua kwamba "afande" ni efendi ya Kituruki? Katika KAR, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, Effendi kilikuwa cheo kilichowekwa kati ya sajini wakubwa Waafrika na maafisa Wazungu. Idi Amin alikipata 1959, akawa luteni 1961.

Je, wajua kwamba kati ya 1984 na 1990, aliyeitwa chuo kikuu nchini Kenya alilazimika kupitia kwanza kambi ya NYS, huduma ya vijana kwa taifa, huko Gilgil? Miezi kama mitatu ya gwaride, jembe na filimbi ya alfajiri. Agizo hilo lilikuja miaka miwili baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, ambapo wanafunzi walimiminika barabarani kushangilia na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Kiongozi wa jaribio lenyewe, Hezekiah Ochuka, mzaliwa wa Nyakach hapa jirani, hata afisa hakuwa: alikuwa askari wa kawaida wa jeshi la anga.

Mtaani tuna mwalimu mstaafu aliyepitia Gilgil. Vijana humwita Afande, naye huitikia. Ukiingia kwake utaona blanketi limekunjwa mraba, kona zimekaa kama za tofali, na kikombe cha bati kimefunikwa juu ya sahani, mkono ukitazama mlango. Cheo hakupewa, wala hakuna mwenzake aliyepewa. Kwa maoni yangu serikali ilitaka wasomi watiifu. Ilichopata ni wasomi wanaojua kutandika kitanda.

Je, wajua kwamba NYS iliyoanza 1964 iliongozwa na Geoffrey Griffin, yule yule mwanzilishi wa shule ya Starehe? Alikaa hapo hadi 1988, kwa hiyo makundi ya mwanzo ya Gilgil yalimkuta kazini.

Je, wajua kwamba Wamarekani wana mpango uitwao ROTC, ambamo mwanafunzi husomea uafisa chuoni sambamba na shahada yake? Sheria yake ni ya 1916. Kiangazi makadeti hupelekwa Fort Knox, Kentucky, wapewe ramani na dira, waachwe msituni watafute alama zilizofichwa, kisha wapokezane kuongoza wenzao. Colin Powell alisomea jiolojia New York bila kung'ara. Katika mafunzo ya ukadeti ndiko alikopata alama za juu. Kwetu chuo na kambi havijachanganywa hivyo. Anayetaka uafisa hupanda gari hadi Lanet, Nakuru, kwenye Chuo cha Kijeshi, ambacho sasa kiko chini ya Chuo Kikuu cha Ulinzi kilichopata hati yake 2021. Daktari au mhandisi huenda na shahada yake mkononi, akapigwa msasa wa kijeshi juu yake.

Je, wajua kwamba Fatuma Ahmed alijiunga na jeshi la Kenya 1983, enzi ambazo wanawake walikuwa na kikosi chao pembeni? Mwaka 2018 akawa meja jenerali, mwanamke wa kwanza Kenya.

Je, wajua kwamba Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana wakiwa na majoho kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT)? Rais Nyerere aliwafukuza karibu 400, na kwa hasira hiyo hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Lazima hiyo ilisimamishwa 1994, ikarudi 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita.

Je, wajua kwamba nchini Uganda, ambako Kiswahili kilichukiwa miaka mingi kama lugha ya bunduki, mafunzo ya uzalendo ya kambi ya Kyankwanzi huitwa chaka-mchaka? Ni mchakamchaka wetu ule ule, wa kukimbia na kuitikia. Afande wa Kaloleni bado huukimbia, saa kumi na moja alfajiri, na viatu vya raba.