Kutamalaki na Kutawala: Maelezo juu ya Chama cha Ufalme wa Katiba katika Australia

Iko namna ya serikali ambayo mfalme yumo ndani yake lakini amri si yake. Sheria hutolewa kwa jina lake, mawaziri huapishwa kwa jina lake, na askari hutumika kwa jina lake. Walakini hawezi kwa hiari yake kutunga sheria hata moja, wala kumweka waziri asiyetakiwa na Bunge. Namna hii huitwa ufalme wa katiba. Wenyeji wa nchi zenye serikali ya namna hii huizoea tangu utotoni, na kwa sababu ya mazoea hayo wengi wao hawawezi kuieleza. Siku itokeapo haja ya kuitetea au kuiondoa, ndipo ionekanapo kwamba waijuao ni wachache. Haja hiyo ilitokea Australia katika miaka ya 1990, na chama kilichoundwa kwa ajili yake chastahili kuangaliwa na wachunguzi wa lugha kama kinavyoangaliwa na wachunguzi wa siasa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kazi ya maneno.

Chama chenyewe chaitwa Australians for Constitutional Monarchy, jina liwezalo kufasiriwa Waaustralia Watetezi wa Ufalme wa Katiba. Kiliundwa mwaka 1992. Mwaka uliotangulia, wapinzani wao walikuwa wamekwisha kuunda chama cha kutaka jamhuri, ambacho baadaye kiliongozwa na mwanasheria Malcolm Turnbull. Miongoni mwa waasisi wa chama cha ufalme alikuwamo Jaji Michael Kirby, mtu mashuhuri kwa fikira za mageuzi katika sheria, na kuwapo kwake kuliwashangaza wale waliodhani kwamba mfalme hutetewa na wapenda ya kale peke yao. Tony Abbott alikuwa mkurugenzi wake tangu mwaka 1993. Miaka 20 baadaye mtu huyo alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Baada yake kazi ilishikwa na Kerry Jones.

Yafaa ifahamike mapema kwamba chama hiki hakikujishughulisha sana na kumsifu Malkia Elizabeth wa Pili au jamaa zake. Katika mabishano makali ya mwaka 1999 Malkia alitajwa kwa nadra mno, hata wapinzani wakadhihaki kwamba watetezi wa ufalme wanamwonea haya mfalme wao. Dhihaka hiyo ilikuwa na ukweli, lakini haikugusa shina la jambo. Hoja ya chama haikuwa kwamba mfalme ni mtu bora kuliko wengine. Hoja ilikuwa kwamba kiti chake kikikaliwa na mtu asiyegombea kura, hakuna mwanasiasa awezaye kukikalia. Na kwamba faida ya mfalme haipo katika madaraka aliyo nayo, bali katika madaraka anayowazuia wengine wasiyapate.

Ugumu wa kulieleza jambo hili waanzia katika Katiba ya Australia yenyewe, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1901. Mtu akiisoma bila mwalimu atadhani kwamba nchi ile inaamrishwa na mfalme kama zamani. Kifungu cha 61 chasema kwamba uwezo wa kuendesha serikali ni wa Malkia, nao hutumiwa na Gavana Jenerali kwa niaba yake. Kifungu cha 59 chamruhusu Malkia kuitangua sheria yo yote katika muda wa mwaka mmoja. Kwa upande mwingine, msomaji atamtafuta Waziri Mkuu tangu kifungu cha kwanza hata cha mwisho asimwone: jina la cheo hicho halimo. Aliyetajwa kila mahali hafanyi kitu ila kwa shauri la mawaziri, na aendeshaye kila kitu hakutajwa hata mara moja. Pengo lililo baina ya maandishi na matendo limejazwa na mazoea yaliyopokewa kutoka Uingereza, ambayo hayakuandikwa katika sheria lakini hufuatwa kwa uthabiti kuliko sheria nyingi zilizoandikwa.

Hapa Kiswahili kina jambo la kushangaza la kuonyesha. Neno dustur, ambalo Waarabu walilipokea kutoka Kiajemi, katika Kiarabu cha siku hizi lina maana ya katiba. Neno hilo hilo lilipofika pwani ya Afrika ya Mashariki likawa desturi, yaani mazoea ya watu ambayo hakuna aliyeyaandika. Katika kutaja katiba, Kiswahili kimeshika neno la shina jingine, lile la kuandika, litokako katika jamaa moja na kitabu, katibu na maktaba. Basi msemaji wa Kiswahili asemapo “ufalme wa katiba”, masikio yake yanasikia ufalme ulioandikwa. Na hali ufalme wenyewe, katika Uingereza hasa, ambako hakuna hati moja iitwayo Katiba, ni ufalme wa desturi kabisa. Haifai kulibadili jina lililokwisha kukubaliwa. Lakini mwalimu au mtangazaji asiyelitanguliza onyo hili atamwacha mwanafunzi akiitafuta katika kitabu sheria ambayo imo katika mwenendo wa watu.

Shida ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Waingereza wana msemo wa kale kwamba mfalme wao yumo katika ufalme lakini haendeshi nchi, na katika lugha yao vitendo hivyo viwili vina maneno mawili mbalimbali. Wafasiri wengi wa Kiswahili huvitia vyote viwili katika neno moja, kutawala. Matokeo yake ni sentensi kama “mfalme anatawala lakini hatawali”, ambayo humchekesha msikilizaji wala haimfundishi. Walakini lugha haina upungufu huo. Upungufu ni wa watumiaji. Kutawala latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kushika kazi na kusimamia jambo, na katika shina lake limo jina wali, ambalo Waswahili walilifanya liwali. Liwali hakuwa mfalme: alikuwa mtu aliyewekwa kusimamia mji kwa niaba ya mwenye nchi. Kutamalaki, kwa upande wake, latokana na shina la kumiliki, pamoja na milki, malkia na mamlaka. Kwa asili, basi, atamalakiye ni mwenye enzi, na atawalaye ni mwenye kazi. Mtu akisema kwamba Malkia alitamalaki katika Australia, na Waziri Mkuu akatawala, amesema yote yaliyotakiwa kusemwa kwa maneno machache.

Hata matumizi ya neno mamlaka yaonyesha jinsi mambo haya mawili yalivyochanganyika. Katika Kiarabu mamlaka ni nchi ya mfalme. Kwetu limekuwa uwezo wa kuamuru, wa mtu ye yote, hata wa karani.

Tofauti ya kutamalaki na kutawala si mchezo wa wanazuoni. Tarehe 11 Novemba 1975 Gavana Jenerali wa Australia, Sir John Kerr, alimwondoa kazini Waziri Mkuu Gough Whitlam, ambaye alikuwa na wabunge wengi katika Baraza la Wawakilishi, lakini fedha za serikali yake zilikuwa zimezuiliwa katika Seneti. Kerr alimweka mahali pake kiongozi wa upinzani, Malcolm Fraser, akalivunja Bunge. Na katika uchaguzi wa tarehe 13 Desemba mwaka ule ule Fraser alishinda kwa wingi mkubwa. Tangazo la kulivunja Bunge lilisomwa katika ngazi za Bunge na katibu wa Gavana Jenerali, David Smith, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa miongoni mwa watetezi hodari wa ufalme. Siku ile watu waliona kwamba maneno ya Katiba yaliyodhaniwa kuwa pambo yana makali. Waliotaka jamhuri walisema: tazameni, mtu asiyechaguliwa amemfukuza aliyechaguliwa. Watetezi wa ufalme walijibu kwamba aliyefukuzwa na aliyefukuza wote wawili walipelekwa mbele ya wapiga kura, na kura ndiyo iliyoamua. Barua za Kerr na watumishi wa Malkia zilifunguliwa kwa wasomaji mwaka 2020 baada ya hukumu ya Mahakama Kuu. Zilionyesha kwamba Kerr hakumwarifu Malkia kabla ya kutenda, ingawa kuwezekana kwa tendo hilo kulikuwa kumezungumzwa katika barua hizo. Kila upande uliona humo ushahidi wake.

Katika mkutano wa Katiba uliofanyika Canberra mwezi wa Februari 1998 walikaa wajumbe 152, nusu yao wamechaguliwa na nusu wameteuliwa. Walioiunga mkono jamhuri kwa jumla walikuwa 89, na 52 waliikataa. Lakini ilipofika kuchagua ni jamhuri ya namna gani, mpango wa Rais kuwekwa na Bunge kwa theluthi mbili ya kura ulipata 73 tu. Hapo ndipo chama cha ufalme kilipoiona nafasi yake. Watu wengi waliotaka jamhuri walitaka wamchague Rais wao wenyewe. Mpango uliopelekwa kwao haukuwapa haki hiyo, tena ulimwezesha Waziri Mkuu kumwondoa Rais mara moja kwa hati yenye sahihi yake. Wito wa kampeni ukawa mfupi: ikataeni jamhuri ya wanasiasa. Katika kura ya maoni ya tarehe 6 Novemba 1999, waliokataa walikuwa asilimia 54.87, waliokubali asilimia 45.13, na hakuna hata moja ya majimbo sita iliyokubali. Sheria yataka wingi wa kura zote pamoja na wingi wa majimbo, nayo ni kizingiti kirefu: katika mashauri 45 yaliyopelekwa kwa wananchi hata mwaka 2023, yaliyopita ni manane.

Je, kura ile ilikuwa dalili kwamba watu walikuwa wameufahamu ufalme wa katiba? Yaonekana si hivyo. Chama kilianza kama darasa kikamalizia kama kikosi cha kampeni, na kikosi kilifaulu kuliko darasa. Wito kuhusu wanasiasa ulikuwa na nguvu kwa sababu ulichukua chuki iliyokuwako tayari, haukuhitaji somo lo lote la dola wala la enzi. Na sehemu ya kura zake zilitoka kwa watu waliomtaka Rais, tena kwa hamu. Yule anayetaka kujua mafundisho ya chama yalifika wapi hawezi kuyapima kwa hesabu ya kura zile. Afadhali atazame mabishano marefu juu ya nani hasa aitwe mkuu wa nchi, Malkia au Gavana Jenerali. David Smith aliyashika maneno ya hukumu moja ya mwaka 1907, iliyomwita Gavana Jenerali mkuu wa Dola kwa mujibu wa Katiba, akasema kwamba Australia ilikuwa na mkuu wake mwenyewe siku zote. Wapinzani waliona ni hila ya maneno. Huenda ilikuwa hila, lakini ililazimisha taifa zima kuuliza maana ya neno.

Afrika ya Mashariki nayo ilipitia njia hiyo, kwa muda mfupi. Tanganyika ilikuwa na Malkia kwa mwaka mmoja kamili, tangu 9 Desemba 1961 hata 9 Desemba 1962, na Gavana Jenerali wake alikuwa Sir Richard Turnbull. Uganda ilimaliza mwaka mmoja vile vile, 1962 hata 1963, na Kenya 1963 hata 1964. Unguja ilikuwa na Sultani wa katiba, Jamshid bin Abdullah, tangu 10 Desemba 1963 hata mapinduzi ya 12 Januari 1964. Katika miezi hiyo hakukuwa na nafasi ya chama cha kueleza, wala watu hawakuwa na sababu ya kukitamani: Malkia alikuwa kwao alama ya serikali ya kigeni iliyokuwa ikiondoka. Lakini watu wa pwani ya Kenya walikuwa wameijua tofauti ya enzi na kazi kabla ya hapo. Tangu mapatano ya 1895 hata 1963 bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Mombasa, na amri zote zilikuwa za Waingereza. Sultani alitamalaki, Mwingereza alitawala. Huo haukuwa ufalme wa katiba, kwa kuwa atawalaye hakuwekwa na Bunge la wenyeji. Lakini maneno yalikaa mahali pake sawasawa.

Athari moja ya ufalme ilibaki katika mahakama. Mashtaka ya jinai wakati wa Waingereza yaliandikwa kwa herufi R, mwanzo wa neno la Kilatini Rex au Regina, mfalme au malkia, kwa maana mshtaki ni Taji. Kenya na Tanganyika zilipokuwa jamhuri herufi haikuhitaji kufutwa, maana jina la Kiingereza la jamhuri nalo laanza kwa R. Katika hukumu zilizoandikwa kwa Kiswahili mshtaki ameitwa Jamhuri, na herufi hiyo haina tena cha kusimamia.