Alizeti ya Singida: Kabla hujakamua, uliza mashudu ni ya nani

Ukisafiri kutoka Dodoma kwenda Singida, madumu ya mafuta ya alizeti yanakusalimia kando ya barabara. Wengi tunajua hayo mafuta tu. Ila sehemu kubwa ya gunia la alizeti siyo mafuta, na hapo ndipo mkulima anaweza kupunjwa.

Twende hatua kwa hatua.

Mafuta
Mbegu zikishakauka na kupepetwa, zinaingia kwenye mashine. Parafujo kubwa ya chuma inazisaga na kuzibana mpaka mafuta yanachuruzika. Kwa wastani, kilo 3 hadi 4 za mbegu hutoa lita 1. Gunia la kilo 65 linaweza kukupa lita 16 hadi 20, kutegemea mbegu na mashine. Mafuta hayo bado ni ghafi, hivyo huachwa yatuame na kuchujwa. Viwanda vikubwa huendelea mbele: huondoa asidi, rangi na harufu.

Mashudu
Haya ndiyo makapi yanayobaki baada ya kukamua. Kwenye gunia lile lile, ni zaidi ya kilo 40! Yana protini nyingi, na wafugaji wa kuku na ng'ombe wanayanunua. Mengine huvuka mpaka kwenda Kenya. Mashine ndogo huacha mafuta kidogo ndani ya mashudu, ndiyo maana viwanda vyenye mitambo ya kemikali huyanunua na kuyakamua tena.

Maganda
Mashine nyingi za mtaani hukamua mbegu na maganda yake. Viwanda vinavyoyatenga huyachoma kupasha moto matanuri ya mvuke, badala ya kuni. Pia yanaweza kubanwa kuwa mkaa mbadala.

Sabuni na dizeli
Masalia ya kusafisha mafuta, yakichanganywa na kostiki soda, hutoa sabuni. Mafuta yenyewe yanaweza hata kugeuzwa dizeli kwa kuongezwa methanoli, ila kwa bei ya mafuta ya kula, kuyachoma kwenye injini ni hasara.

Sasa piga hesabu
Baadhi ya wenye mashine hutoza pesa kwa kukamua, na mkulima anaondoka na mashudu yake. Wengine wanasema "tunakukamulia bure", halafu mashudu yanabaki kwao. Siyo lazima iwe dhuluma, lakini siyo bure pia: umelipa kwa zaidi ya kilo 40 za chakula cha mifugo.

Kwa hiyo kabla hujamwaga mbegu mashineni, uliza maswali matatu: kukamua ni shilingi ngapi? Mashudu ni ya nani? Kilo ya mashudu leo inauzwaje?

Zidisha bei hiyo kwa kilo zako, kisha linganisha na gharama ya kukamua. Kama mashudu yana thamani kubwa zaidi, lipa pesa, yabebe ukauze mwenyewe au ulishe kuku wako.